Mdosi amenunua AI, lakini ni nani atabadilisha kazi?

Mwaka wa 2014 serikali ilitaka nauli ya matatu ikome kulipwa kwa pesa taslimu. Abiria angenunua kadi, aiwekee pesa, halafu makanga aiguse na kimashine chake. Kadi zilikuwa tele. Google ilikuwa imeshaungana na benki ya Equity tangu 2013 kuleta moja iliyoitwa BebaPay. Makataa yakawekwa Julai, yakasongezwa hadi Desemba, kisha kukawa kimya. Kufikia mwaka wa 2015 BebaPay ilikuwa imefungwa, na makanga alikuwa bado amening'inia mlangoni na noti zimekunjwa katikati ya vidole.

Si ati Wakenya waliogopa teknolojia. M-Pesa ilikuwa mtaani tangu 2007, na mama mboga alikuwa anaitumia bila kuhudhuria semina yoyote. Shida ilikuwa kwamba noti ndani ya matatu zina kazi zake. Ndizo zinazonunua mafuta, ndizo zinazotoa hesabu ya mwenye gari jioni, na ndizo zinazomlipa dereva na makanga siku hiyo hiyo. Bila kusahau zile za karao barabarani. Kadi ingepeleka pesa zote mahali pengine, halafu wale watu wawili wanaoendesha hiyo biashara kutwa kucha wabaki mikono mitupu. Nani aliketi nao chini akawauliza?

Leo unalipa nauli kwa simu, na makanga anafurahia tu, juu pesa inaingia kwa simu yake palepale. Malipo bila noti yalikuja hatimaye. Yalikuja siku yalipofuata njia ambayo kazi yenyewe hufuata.

Nimeanza na matatu kwa sababu naona kadi zile zile zikirudi, safari hii ofisini. Zamu hii zinaitwa akili mnemba, ama AI kama tunavyoiita mtaani.

Kila mdosi anaitaka. Serikali ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Mnemba wa 2025 hadi 2030 mwezi Machi 2025, na tangu hapo ni mkutano baada ya mkutano. Benki, bima, hospitali, sacco, kaunti, hata shule, wote wanazungumzia "mageuzi ya kidijitali". Bodi inakaa, slaidi zinaonyeshwa, leseni zinanunuliwa. Jumatatu wafanyakazi wanapokea barua pepe: kuanzia leo tunatumia AI. Basi.

Na unajua anayetupiwa hiyo kazi ni nani? Ni wewe. Kijana wa ofisi, mwanagenzi, yule ambaye kila mtu akikwama na printa anamwita. "Wewe ndiye unajua haya mambo ya kompyuta, tusaidie kuyaongoza." Huna cheo, huna bajeti, lakini mageuzi ya kampuni nzima yamewekwa mabegani mwako. Kwa hivyo makala haya ni yako, kabla hujasema "sawa bosi".

Kazi haiishi, inahama

Mimi sina shahada ya kuwafundisha watu usimamizi. Niliachana na chuo mwaka wa pili, na kwa muda kilichonilisha ni kukaa kwenye cyber mtaani nikijazia watu fomu. Hapo ndipo nilijifunza kitu ambacho naona wakubwa wengi hawajakiona. Ofisi ikitangaza kwamba huduma zake zimehamia mtandaoni, foleni ya pale ofisini inapungua kweli. Lakini mzee bado anakuja cyber na kikaratasi chenye nywila aliyoandikiwa na mwanawe, anasema, "Kijana, nijazie hii." Analipa shilingi kadhaa, anasubiri, anarudi kesho juu mtandao umelala. Kwenye ripoti ya ofisi hiyo ni maendeleo. Mtaani kazi ilitoka tu kwenye kaunta moja ikaenda kwenye kaunta nyingine, na mzee ndiye aliyelipia uhamisho.

AI ni hivyo hivyo. Ikikuandikia ripoti kwa dakika moja, kuna mtu atakayetumia nusu saa kuhakikisha takwimu zilizomo si za kubuni. Ikijibu wateja elfu, wale mia waliojibiwa vibaya watapiga simu wakiwa wamekasirika, na simu hiyo itapokelewa na binadamu. Kiongozi wa mageuzi ni yule anayeuliza mapema: hii kazi inahamia kwa nani, na huyo mtu ana muda na mamlaka ya kuifanya?

Hili si jambo geni. Thomas Edison alifungua kituo chake cha umeme cha Pearl Street, New York, mwaka wa 1882. Ungedhani viwanda vya Marekani vilifaidika mara moja. Wapi! Wenye viwanda waling'oa injini kubwa ya mvuke, wakaweka mota kubwa ya umeme mahali pale pale, na kuacha kila kitu kingine kilivyokuwa: vyuma virefu vinavyozunguka, mikanda juu ya vichwa vya watu, mashine zimebanana kufuata mikanda hiyo. Faida kubwa ilionekana miaka ya 1920, zaidi ya miongo mitatu baadaye, viwanda vilipopangwa upya na kila mashine kupewa mota yake ndogo. Umeme ulikuwepo muda wote huo. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kuthubutu kupanga kiwanda upya.

Ofisi nyingi za Nairobi zimebadilisha injini tu. Fomu ni zile zile, sahihi tano ni zile zile, mkutano wa saa tatu ni ule ule. Tofauti ni kwamba sasa kumbukumbu za mkutano zinaandikwa na AI na hakuna anayezisoma, kama zamani tu.

Kliniki zilizofanya tofauti

Kuna mfano wa hapa hapa nyumbani. Penda Health ni kliniki za jijini Nairobi, zile unakompeleka mtoto akishikwa na homa usiku. Wakishirikiana na kampuni ya OpenAI, waliunda msaidizi anayeitwa AI Consult. Tabibu anapoandika kwenye kompyuta dalili za mgonjwa, vipimo na dawa, mfumo unasoma kimya kimya halafu unawasha taa. Kijani, endelea. Njano, kuna jambo la kufikiria. Nyekundu, simama usome hili kwanza. Uamuzi unabaki kwa tabibu.

Matokeo yalitolewa Julai 2025. Katika ziara 39,849 za wagonjwa kwenye kliniki 15, matabibu waliokuwa na msaidizi huyo walifanya makosa machache kuliko wenzao wasiokuwa naye: makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, na ya matibabu kwa asilimia 13. Tuweke wazi kwamba utafiti uliongozwa na wenye mfumo wenyewe, na kuhusu wagonjwa kupata nafuu, tofauti kati ya makundi mawili haikuwa kubwa vya kutosha kusema lolote kwa uhakika. Hata hivyo, kuna sehemu ya hadithi hii ambayo mdosi wako anafaa kuisoma mara mbili.

Mwanzoni, mfumo ulipowashwa tu, karibu asilimia 35 hadi 40 ya ziara zilikuwa zinaisha taa ikiwa bado nyekundu. Yaani mashine imeonya, tabibu ameendelea na yake. Na kiwango hicho kilikuwa karibu sawa na cha kundi ambalo halikuonyeshwa taa yoyote! Kama wangepima kwa macho ya wauzaji, wangesema mfumo umewekwa, kila tabibu anao, kazi imeisha. Kumbe haukuwa umebadilisha kitu.

Walichofanya baadaye hakikuhitaji kompyuta mpya. Walichagua matabibu wenzao wawe mabalozi, watu wanaojua uchovu wa zamu, wakawaendea wengine mmoja mmoja na kuwaonyesha mfumo unafaa wapi. Wakaanza kuhesabu ni mara ngapi taa nyekundu inapuuzwa, na kila mtu akaonyeshwa hesabu yake. Wakawapongeza waliofanya vizuri. Ziara zilizoisha na taa nyekundu zikashuka hadi karibu asilimia 20. Zaidi ya hapo, hata mara ambazo taa nyekundu iliwaka tangu mwanzo zilipungua, maana matabibu walikuwa wanajifunza kuepuka kosa kabla ya kuonywa.

Mashine ilikuwa ile ile kabla na baada. Kilichobadilika ni jinsi watu walivyoongozwa.

Angalia pia toleo lao la kwanza. Lilimtaka tabibu alitafute mwenyewe, abonyeze ndipo aulize. Hebu fikiria una wagonjwa ishirini kwenye benchi na mtoto analia, utakumbuka kubonyeza? Wakaligeuza lifanye kazi chinichini na kuzungumza tu panapohitajika. Hiyo ndiyo heshima kwa mtu wa kazi: usimwongezee mzigo halafu uuite msaada.

Walioanza kwa kufuta watu

Ng'ambo kuna waliopitia njia nyingine. Klarna, kampuni ya malipo ya Uswidi, ilijigamba Februari 2024 kwamba roboti yake ya mazungumzo inafanya kazi ya wahudumu 700 na imeshughulikia mazungumzo milioni 2.3 katika mwezi wa kwanza. Dunia ikapiga makofi. Mei 2025 mkurugenzi wake, Sebastian Siemiatkowski, akakiri kwamba kuangalia gharama kupita kiasi kulishusha ubora wa huduma, na kampuni ikaanza tena kuajiri watu ili mteja akitaka binadamu ampate.

Benki ya Commonwealth ya Australia nayo ilitangaza Julai 2025 kwamba inafuta nafasi 45 za wahudumu wa wateja kwa sababu ya roboti ya sauti. Chama cha wafanyakazi kikapinga, kikisema simu zilikuwa zinaongezeka, kiasi kwamba viongozi wa timu waliitwa kupokea simu wenyewe na wengine wakapewa kazi ya ziada. Mwezi uliofuata benki ikaomba radhi na kurudisha nafasi zile.

Na kuna kisa cha Air Canada. Mteja mmoja aliyefiwa na nyanya yake aliuliza roboti ya shirika hilo kuhusu nauli nafuu ya waliofiwa. Roboti ikamwambia anaweza kusafiri kwanza, kisha aombe kurudishiwa pesa ndani ya siku 90. Sheria halisi za shirika hazikuruhusu hivyo. Alipolalamika, shirika likajitetea kana kwamba roboti ile ni mtu wake mwenyewe mwenye kubeba makosa yake. Februari 2024 baraza la kusuluhisha kesi la British Columbia likakataa utetezi huo na kuamuru alipwe takriban dola 812 za Kanada. Kwa lugha ya nyumbani: mbwa ni wako, akiuma utalipa.

Ukiziweka hizi tatu pamoja unaona ni kosa lile lile. Swali la kwanza lilikuwa "tutaokoa kiasi gani?" kabla ya "hii kazi inafanywaje hasa, na ikiharibika nani ataijua?"

Ukikabidhiwa wewe

Tuseme uko kwenye sacco. Meneja amesema AI ianze kujibu wanachama kuhusu mikopo. Utaanzia wapi?

Kwanza, usianze na programu. Keti kando ya yule mama wa dawati la mikopo kwa wiki nzima na daftari. Andika maswali anayoulizwa. Utagundua kwamba nusu ya kazi yake haimo kwenye kitabu chochote. Anajua mwanachama fulani akisema "nitarudi kesho" maana yake mdhamini amejitoa. Anajua ni tawi gani huchelewesha stakabadhi. Ukifunga mfumo bila kumshirikisha, umetupa maarifa hayo. Na usimwendee na maringo ya kompyuta. Mwambie, "Mama, nimekuja unifundishe," kwa sababu ndio ukweli.

Pili, chagua kazi moja tu, ile inayouma. Labda ni swali la "mkopo wangu umefika wapi?" linaloulizwa mchana kutwa. Pima kabla ya kugusa kitu: jibu huchukua muda gani, makosa ni mangapi, wanaorudi kulalamika ni wangapi. Usipopima kabla, baadaye kila mtu atakuwa na maoni na hakuna atakayekuwa na ushahidi.

Tatu, andika jina la binadamu anayewajibika. Si "idara", jina. Huyo awe na ruhusa ya kukataa jibu la mashine bila kuomba msamaha, na awe na saa ndani ya siku yake za kufanya hivyo. Hapa sheria iko upande wako. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Kwa hivyo mfumo ukimnyima mwanachama mkopo na hakuna mtu aliyeuangalia uamuzi huo, hiyo inaweza kuwa kesi, na Kamishna wa Data yupo wa kupelekewa malalamishi.

Nne, uliza data inaenda wapi. Ofisini wako watu wanaonakili faili nzima ya mteja, jina, nambari ya kitambulisho, mshahara na yote, wakaibandika kwenye roboti ya bure ya mtandaoni ili iwaandikie barua. Hawana nia mbaya, wanataka kwenda nyumbani mapema. Ukiwapigia kelele watafanya kwa siri. Wape njia salama na sheria ya mistari mitatu inayoeleweka, waone utofauti.

Tano, na hili ndilo gumu: saa zitakazookolewa zitaenda wapi? Meneja anafaa alijibu mbele ya wafanyakazi kabla mfumo haujawashwa. Kama jibu ni kwamba yule mama atatoka dawatini aende matawini kufuatilia mikopo iliyokwama, sema. Kama ni kwamba watu watapunguzwa, sema pia, waanze kujipanga. Kunyamaza ndiko kunakoua mradi. Mtu akishuku kwamba anaifundisha mashine itakayomfukuza, atakuonyesha nusu ya anachojua na kukutakia kila la heri.

Ngazi ya kwanza

Hilo swali la tano linatugusa sisi kuliko wengine. Kazi ambazo AI inaonekana kuzifanya haraka ndizo zile tulizotarajia kuanzia: kujibu barua pepe, kupanga data, kuandika rasimu, kupokea simu. Mwanagenzi hujifunza biashara kwa kufanya hayo mambo madogo yanayochosha. Kampuni ikiyapa mashine yote na kuacha kuchukua vijana, mwaka huu itaokoa pesa. Baada ya miaka kadhaa itatafuta mkuu wa dawati anayejua mdhamini aliyejitoa anavyoongea, na haitampata, juu hakuna aliyelelewa pale.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye ule mkutano, usikae nyuma ukishika simu. Uliza kama mpango una nafasi ya kijana kukaa na mtu mwenye uzoefu, mashine ikiwa katikati yao. Kijana anakagua majibu ya AI, mkubwa anamkagua kijana, na kila kosa linalonaswa ni somo. Ni gharama, ndiyo. Lakini ni gharama ndogo kuliko kuomba radhi kama ile benki ya Australia.

Wauzaji wa mifumo watakuja na tai na video nzuri. Wasikilize, kunywa chai yao. Halafu uliza maswali matatu tu: nani kati ya watu wetu amejaribu hiki kitu kwa wiki mbili, alisema nini, na kikikosea usiku wa Ijumaa nani atapokea simu? Kama chumba kizima kitaangalia dari, mwambie mdosi kwa heshima asubiri kidogo kutia sahihi. Kisha shuka chini, uende ukakae na yule mama wa dawati la mikopo.